Maji ya Mtungi kwenye Arobaini ya Lado

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefagia ua. Nimesoma zaburi. Chai nyepesi, marehemu mume wangu Lado angelalamika. Jumamosi ni sala ya arobaini yake, na ua utajaa watu.

Mvua ya jana imefurisha khor, korongo linaloteremsha maji kutoka mlima Jebel na kupita nyuma ya nyumba zetu. Maji yameingia tena kwa Keji, jirani yangu muuza chai. Ukuta wake wa udongo umeanza kuinama. Amesema ukilowa mara nyingine, atahamia kwa dada yake kule Nesitu, nje ya mji. Nimekasirika. Huyu ndiye aliyenishika mkono Lado alipokata roho. Sitaki aondoke.

Jumanne, 5 Agosti
Nimekwenda na Keji kuangalia kalvati linalopitisha maji ya korongo chini ya barabara. Limezibwa na chupa za plastiki, zote za maji ya kunywa. Sikuhitaji kuuliza zilikotoka. Mtaani kwetu, msiba usio na katoni za maji ya chupa ni msiba wa watu wasiomjali marehemu wao. Mgeni hunywa nusu, huacha chupa chini ya kiti, mvua huibeba.

Nimeamua. Jumamosi watu watakunywa maji ya zir, mtungi wetu mkubwa wa udongo.

Jumatano, 6 Agosti
Poni, dada yake Lado, amekuja amefura. "Wifi, kwani kaka yangu hakuwa na ndugu? Watu watasema tumemlilia kwa maji ya mtungi. Na kipindupindu je?"

Swali la kipindupindu ni la haki. Maji yatachemshwa, mtungi utafunikwa, mtekaji atakuwa mmoja, vikombe vya bati vya kanisa vitaoshwa kwa maji moto. Poni alipoondoka nililia. Huenda ninamdhalilisha mume wangu.

Alhamisi, 7 Agosti
Mkutano wa mtaa. Afisa wa mazingira ameeleza kwamba moshi wa nchi tajiri ndio ulioharibu mvua zetu, na kwamba ni lazima watulipe. Ni kweli. Sisi hatuna viwanda vya kuchafua mbingu.

Mwendesha boda mmoja akainuka. "Mheshimiwa, na chupa za korongoni? Hizo nazo ni moshi?"

Watu walicheka. Afisa naye alicheka, chupa yake mkononi. Mimi sikucheka. Wote wawili walisema kweli, lakini hakuna aliyesema nani ataanza. Nikasimama, nikasema kwamba kesho asubuhi nitakuwa korongoni na reki.

Ijumaa, 8 Agosti
Nilidhani ningekuwa peke yangu. Walikuja akina mama wa kanisa. Alikuja yule wa boda na wenzake. Hata Poni, amevaa buti za Lado bila kuniomba.

"Usinitazame hivyo, Wifi. Nimekuja kwa ajili ya Keji, si kwa mtungi wako."

Tulivuta chupa hadi mchana. Kalvati limezibuka. Mgongo unaniuma. Namshukuru Mungu kwa kila mgongo unaouma leo.

Jumamosi, 9 Agosti
Watu wengi, sala nzuri. Kisha ukafika wakati wa maji. Mjomba wa Lado alikitazama kikombe cha bati, akanitazama mimi. Hakukipokea. Nilitamani ardhi inimeze.

Poni akanipokonya kata. "Mjomba, Lado alikunywa maji ya mtungi huu mpaka mwisho. Wewe ni bora kuliko yeye?"

Mzee akanywa. Akaomba tena.

Mvua ilishuka kabla ya chakula kwisha. Kubwa. Keji alitoka mbio kwenda kwake. Alirudi amelowa chapachapa, akasimama mlangoni.

"Yanapita," alisema.

Jumapili, 10 Agosti
Kanisani, kisha nyumbani. Hakuna chupa ya kuokota chini ya viti.

Keji anakandika udongo mpya ukutani. Namsikia akiimba. Hajataja Nesitu.

Nimeteka kikombe kimoja. Baridi, na ladha ya udongo, kama Lado alivyopenda. Nimekunywa taratibu.

Asante.