Sauti Namba Tatu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Baridi ya Mbulu imenisahau. Miaka mitatu ya chuo tu na nimekuwa mgeni kwetu — masweta mawili na bado natetemeka.

Leo nimemrekodi Baba kwa ajili ya utafiti wangu. Watu wanne wanasoma aya moja ya Kiingereza, kila mmoja kwa lafudhi yake. Halafu wanafunzi thelathini wa chuo kikuu wanasikiliza na kujaza fomu bila kuambiwa nani ni nani. Msimamizi wangu anataka kujua wanafunzi wanazionaje hizo lafudhi. Sauti tatu nilikuwa nazo. Namba moja ni muuguzi Mwingereza aliyekuja hospitali ya Haydom kwa miezi michache. Namba mbili ni Daktari Akonaay, aliyefundishwa na Baba sekondari kisha akakaa Uskoti miaka tisa. Namba nne, dada wa Kikenya wa mradi wa maji. Namba tatu ilikuwa wazi, na nilitaka Kiingereza cha huku kwetu hasa. Nani tena zaidi ya Baba, Mwalimu Sulle, miaka thelathini na miwili ubaoni?

Alipiga pasi shati. Nikamwambia Baba, simu inachukua sauti tu. Akasema sauti inatoka kwa mtu aliyevaa. Alisimama wima sebuleni, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, Mama kaamriwa kufukuza kuku hadi zizini. Alisoma mara moja na hakukosea hata neno.

Anastaafu mwisho wa mwezi huu. Nadhani alifurahi kuombwa.

Jumamosi, 19 Julai

Nimerudi kutoka Haydom, vumbi hadi kwenye meno. Nimepata wanafunzi kumi na sita, wa udaktari na uuguzi, wako mazoezini. Nikawawekea kispika mezani.

Namba moja walimsikiliza kama wako kanisani. Namba mbili, wakatikisa vichwa kwa kumkubali. Namba tatu — sentensi ya kwanza tu, mmoja akaguna, mwingine akacheka, mara chumba kizima. Violeth, tunayesoma naye darasa moja, alikuja kunisaidia kugawa fomu. Naye alikuwa anajifuta machozi. Akaniuliza huyu mlinzi nimemtoa geti gani.

Nami nilicheka. Naandika hapa nisije nikajidanganya baadaye. Nilicheka ili wasinishtukie.

Nusu yao ni watoto wa huku huku! Yona wa Dongobesh, anayeongea kama katoka Marekani jana, ndiye aliyecheka kuliko wote. Lakini nina haki gani ya kumsema? Mwaka wa kwanza nilikaa mbele ya kioo cha hosteli, jioni baada ya jioni, nikiing'oa Mbulu kwenye ulimi wangu. Ikang'oka. Ndiyo maana tangu niende chuo sijawahi kuongea Kiingereza mbele ya Baba.

Jumatano, 23 Julai

Fomu thelathini zimetimia. Kumi na nne za mwisho nimezipata kwa wanafunzi wa ualimu walioko field, mazoezi ya kufundisha, hapa mjini, shule nyingine, si ya Baba.

Nimejumlisha mara mbili nikiomba niwe nimekosea. Usomi: moja anaongoza, mbili anamfuata kwa karibu, kisha nne. Halafu huko chini kabisa, peke yake, tatu. Ungependa akufundishe? Ishirini na saba wamesema hapana. Unadhani anafanya kazi gani? Mlinzi. Mkulima. Mlinzi. Dereva wa trekta. Katekista. Mlinzi. Mmoja kaandika: sijui, ila namwonea aibu.

Hakuna hata mmoja aliyeandika mwalimu.

Kwenye swali moja tu Baba kawashinda wote, hata Mwingereza: ni mtu wa kuaminika? Yaani funguo za nyumba watamwachia, mtoto wa kumfundisha hawatampa. Nilifikiri nimpelekee Baba hilo moja, kama zawadi. Nikaona litamfanya aulize mengine.

Alhamisi, 24 Julai

Baba kauliza matokeo wakati wa chai. Nikasema bado najumlisha. Akasema vizuri, nisiharakishe, haraka ndiyo inayowaponza vijana. Kisha, akiwa ameangalia kikombe: hata wakimpa wastani ataridhika.

Mwongo. Hata mimi mwongo.

Jumapili, 27 Julai

Baada ya Misa tulikaa uani kupukuchua mahindi. Baba akaomba fomu moja. Anataka asikilize na kujaza kama wenzake, fomu yake nisiihesabu. Nikaona nimepata njia: atajisikia mwenyewe, atacheka, na mimi nitaweza kumwambia polepole. Sikukumbuka kwamba Baba hajawahi kusikia sauti yake kwenye mashine, maisha yake yote.

Namba moja akampa kumi bila kufikiri. Namba mbili ikaanza, na uso wake ukafunguka. Akaninyooshea kidole. "Ndiyo mimi huyo. Sikia ninavyopumzika kwenye koma."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Na kweli Akonaay anapumzika kwenye koma kama Baba — alifundishwa na Baba miaka minne, rula ikigonga dawati. Lakini mengine yote ni Uskoti mtupu! Nilifungua mdomo. Namba tatu ikaanza.

Alisikiliza kichwa kimeinama upande. Akauliza, "Huyu maskini ni nani?"

"Siruhusiwi kutaja majina, Baba."

Ni kweli siruhusiwi. Akatikisa kichwa, akasema amejitahidi, ila aliyemfundisha alimwonea. Akatoa kalamu yake nyekundu. Usomi: mbili juu ya kumi. Kazi: mkulima. Na pembeni, kwa sababu hawezi kujizuia, akaandika kama kwenye ripoti za shule: Ongeza bidii.

Mama aliacha kupukuchua. Aliniangalia mimi, hakumwangalia Baba.

Halafu swali lenyewe. Namba mbili wamempa ngapi? Nikajibu kawa wa pili, nyuma ya Mwingereza tu. Kila neno kweli tupu, na ni uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kumwambia. Baba akasema Mwingereza hatuwezi kumshinda kwao. Akajifuta pumba mikononi, akaenda kumpigia simu mkuu wa shule.

Jumatatu, 28 Julai

Nimemfuata Mama jikoni. Sikuhitaji kueleza. Akasema mume wake anamjua hata akikohoa zizini, itakuwa sauti? Nikamuuliza, nimwambie? Akakoleza moto chini ya maji ya ugali.

"Usimwambie. Zimebaki siku nne. Mwache atoke na kitu."

Nimetii. Ni rahisi sana kumtii mama yako ukiwa mwoga.

Jumatano, 30 Julai

Nimekwisha. Mkuu wa shule amekubali sauti zichezwe Ijumaa kwenye sherehe ya kumuaga, mbele ya shule nzima. Baba kaniletea flashi niziweke.

Nikasema utafiti ni siri, Baba. Akafikiri — sheria anaziheshimu. Kisha akauliza, je, mwenye sauti akikubali mwenyewe? Nikasema basi niweke namba mbili peke yake. Akasema niweke zote. Mama alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. Nimeziweka. Baba kaitia flashi mfuko wa ndani wa koti na kifungo kakifunga.

Nikampigia Daktari Akonaay, maana na yeye ni mgeni mwalikwa. Nilimpa shikamoo, nikamweleza yote. Akauliza kama kweli Mwalimu kadhani namba mbili ni sauti yake mwenyewe. Nikasema kweli. Akasema siku hiyo atakaa kimya, hata wakicheza mara mia.

Nimepumua kidogo. Itachezwa, watapiga makofi, tutakula, tutarudi nyumbani. Nitaishi nayo.

Ijumaa, 1 Agosti

Bwalo la shule, kiti cha nyuma kabisa. Naandika kwenye daftari la utafiti, ndilo nililonalo hapa.

Sala imepita, kwaya imepita. Daktari Akonaay yuko meza kuu, Mama pembeni yake na kitenge kipya. Baba yuko kwenye kipaza sauti. Hotuba yake ya mwisho anaitoa kwa Kiingereza, dakika ya ishirini sasa. Wanafunzi mia nne, na hakuna anayecheka. Hapa hiki ndicho Kiingereza. Anasimama kwenye koma, anakokota maneno kutoka kooni, anagonga mwisho wa kila sentensi, na watoto wa kidato cha kwanza wananakili. Ninamsikia kama wale wa Haydom walivyomsikia. Nimejaribu kutomsikia hivyo, siwezi, na najichukia.

Kabla hajapanda alikuja hapa nyuma kuninong'oneza mpango. Wataanza na namba tatu, halafu mbili. Nikamuuliza kwa nini tatu. Ili watoto wasikie tofauti, akasema, kati ya mtu aliyefundishwa vizuri na ambaye hakupata bahati hiyo.

Nikasema, "Baba, tatu tuiache. Nakuomba."

Akaniwekea mkono begani. "Usimwonee aibu, Paskalina. Naye ni mtu wa kwetu."

Akaondoka. Ningemshika koti. Ningesema pale pale, maneno matatu tu. Nilimtazama akipanda ngazi za jukwaa akishikilia mbao ya pembeni.

Flashi imeshachomekwa. Mwalimu wa kompyuta ameniuliza kwa ishara ni faili lipi, nikajifanya sikumwona. Hakunihitaji, faili zote nilikwisha kuziandika namba mwenyewe.

Sasa Baba kaingia Kiswahili. Anawaambia watamsikia mtu mmoja anayesoma kwa shida. Anawaonya wasimcheke, kosa si lake. Laiti angempata mapema, anasema, angemsaidia. Anayasema hayo kwa sauti ile ile, kwenye spika zile zile. Wote wamekuwa wakiisikia tangu hotuba ilipoanza. Itawachukua sentensi moja kuijua.

Mama ameangalia sakafu. Akonaay ananitafuta kwa macho kati ya vichwa vya watu, na mimi nimeinamia daftari.

Baba amemaliza. Amegeuka, amempa mwalimu wa kompyuta ishara aanze.