Salamu Nilizomtumia Bibi

Bologna, Jumapili

Mama, shikamoo.

Huku mvua imenyesha tangu asubuhi. Bi Carla, mama mwenye nyumba, alikuwa ananifundisha kutengeneza tambi za mayai. Unamwaga unga mezani, unachimba shimo katikati, unapasulia mayai humo, kisha unakanda mpaka mikono ichoke. Binamu Upendo alinipigia simu nikiwa bado nakanda. Alidhani ninajua.

"Pole dada," akasema, "sikukupata siku ile tulipomzika Bibi."

Nikamwuliza, "Mmemzika lini?"

Akajibu, "Wiki tatu zilizopita, kule Nduruma. Mama hakukwambia?"

Bi Carla aliponiona nalia alitaka kunipokea lile donge. Nikamkatalia. Nilikanda, nikasukuma, nikakata, nikala sahani nzima bila kusikia ladha yoyote.

Najua utasema ni kwa ajili ya mitihani yangu. Lakini wiki zote hizo nilikuwa nakuuliza Bibi anaendeleaje, na kila mara ulinijibu, "Amelala, mwanangu, tusimwamshe." Nami nikakuachia salamu zake, ukazipokea. Mitihani ningeirudia, Mama.

Nimefaulu, kama ulitaka kujua. Nikija likizo nitakwenda kaburini peke yangu, tafadhali usinisindikize. Usiache kumeza dawa zako za presha, na ujifunike vizuri kipindi hiki cha baridi. Nakupenda, ila simu yako sitaipokea kwa sasa.

Mwanao,
Neema