Giza Lilipoingia Idrisa Akiwa Majini

Jumapili. Acocks Green, Birmingham, mvua ile ya hapa isiyonyesha sawasawa wala kukatika.

Nimelala mpaka saa nne asubuhi. Mimi, ambaye hata siku ya mapumziko huamka kabla ya kuku wa nchi yoyote. Binti yangu Nasra amenitilia chai kwenye chupa akaondoka kimyakimya asiniamshe. Viungo vyote vinaniuma kama nimeshusha magunia bandarini, ila ni maumivu ya mtu ambaye kazi imeisha na mzigo uko chini.

Ndugu yangu yuko hai.

Nimeiandika peke yake hivyo ili niitazame.

Sijui naandikia nani. Labda naandika kwa sababu tangu Alhamisi nimezungumza na watu wengi na sijasema kitu.

Idrisa ni mdogo wangu, ananifuata mimi. Anafanya kazi ya mitambo kwenye meli ya mizigo, kule chini kwenye injini ambako yeye mwenyewe husema hujui kama ni mchana au usiku mpaka upande juu kula. Safari hii walikuwa wametoka pwani ya magharibi ya India na mchele na vigae, wanakuja Mombasa, kisha Dar. Alinitumia ujumbe siku waliyong'oa nanga: anataka kujua saizi ya viatu vya Nasra. Nikasahau kumjibu.

Alhamisi asubuhi nilikuwa ghalani Nechells, nafunga vipuri vya magari kwenye maboksi. Simu ikalia, Mama, kutoka Tanga. Mama hanipigii saa za kazi. Anajua ratiba yangu kuliko ninavyoijua mimi. Nikaipokea hapo hapo, mbele ya kila mtu.

Hakulia. Alisema taratibu, kama mtu anayetoa maagizo: "Mwanaisha, meli ya Idrisa imeingia maji. Wameshuka kwenye boti za kujiokolea. Bahari imechafuka, na ofisi ya meli haijui wamesukumwa wapi." Halafu akaniuliza kama huku Ulaya kuna mtu yeyote anayejua zaidi.

Mama anaamini kwamba ukishafika Ulaya, unakuwa karibu na wanaojua mambo.

Nikamwambia nitaulizia. Msimamizi wangu alinitazama usoni tu, akaniambia niende nyumbani. Basi nililopanda silikumbuki. Nakumbuka niko mlangoni kwangu, ufunguo hauingii, na Mama Manjit wa nyumba ya pili amesimama nyuma yangu na fagio lake, alikuwa akizoa majani yaliyoloa. Akanichukua ufunguo mkononi, akautazama, akasema, "Huu ni wa kazini, dada. Kuja kwangu kwanza."

Mama Manjit ni Singasinga wa Nakuru. Kazaliwa huko, kasomea huko, na Kiswahili chake ni cha Kenya moja kwa moja. Ndicho kilichotufanya tuwe majirani wa kweli. Mume wake, Mzee Balbir, ni wa India yenyewe. Alitumikia jeshi la majini la India maisha yake yote ya kazi, kwenye helikopta. Kazi yake ilikuwa mlangoni: kushusha waya, na kuvuta watu kutoka majini. Walipostaafu walimfuata mtoto wao hapa Birmingham.

Kwa miaka yote tuliyoishi ukuta mmoja, nimejua habari za jeshi hilo kuliko nilivyotaka. Manowari mpya iliyoundwa na wao wenyewe ikizinduliwa, mimi najua. Ndege mpya za kivita zikiagizwa za kurukia kwenye sitaha ya meli, najua. Nyambizi, ndege za doria, ndege zisizo na rubani. Zaidi ya vyote, helikopta mpya kutoka Marekani, zilizochukua kazi za zile za kwake, ambazo zilitengenezwa hapa hapa Uingereza na zikarushwa mpaka vipuri vikawa vya kutafutwa kwa tochi. Watu wengine hukuonyesha picha za wajukuu. Mzee Balbir hunionyesha helikopta, juu ya uzio, kwenye kompyuta yake ya kiganjani, nami huitikia kwa kichwa huku nikianika nguo.

Niliwahi kumwambia mkewe kwamba bei ya kitu kimoja kama kile ingejenga hospitali. Akasema amemwambia hivyo tangu waoane.

Sasa nilikuwa nimekaa sebuleni kwao na koti langu lililoloa, na Mama Manjit anamweleza mumewe kwa Kipunjabi. Nilimwona mzee akibadilika. Alikaa wima. Akaanza kuuliza, mkewe akitafsiri: meli ilikuwa wapi mara ya mwisho, boti ni za wazi au zina paa, zina kifaa cha kuita msaada, upepo unatoka wapi. Mengi sikuyajua. Mwanzoni yale maswali yaliniudhi, kama daktari anayekuuliza umri wakati mwenzako anakata roho. Baadaye yakaanza kunituliza. Alikuwa akiuliza kama mtu ambaye bado ana kitu cha kufanya.

Akampigia simu mwenzake wa zamani aliyeko Kochi, kule India. Walizungumza kidogo tu. Mwenzake hakuwa na mengi ya kusema, na pengine hakuruhusiwa. Alichosema ni kwamba mwito umepokelewa, ndege ya doria imesharuka, na kuna manowari imegeuzwa kuelekea huko, ina helikopta.

"Ipi?" mzee akauliza. Hilo nililielewa bila mkalimani, kwa jinsi alivyouliza.

Ile mpya.

Akashusha pumzi. Na mimi nikashusha, bila kujua kwa nini.

Nikamwuliza Mama Manjit amwulize mumewe kama watampata. Sikutaka kufarijiwa, nilitaka kujua. Mzee alifikiri, kisha akasema polepole, mkewe akimfuata neno kwa neno: "Siku zangu mimi, singekuambia utulie. Leo nakuambia, tulia."

Akaeleza. Zamani, jua likishazama katikati ya bahari, rubani hana cha kutazama. Anga na maji ni kitu kimoja cheusi. Kuisimamisha helikopta hewani juu ya boti katika giza hilo, mawimbi yakipanda na kushuka, ilikuwa ni kucheza na maisha ya kila aliyemo. Mara nyingi ilibidi wangoje kuche. Hizi za sasa zinajishikilia zenyewe mahali pamoja, na zina jicho linaloona joto la mwili wa mtu gizani. Ile ndege ya doria nayo hukaa angani muda mrefu na huona kitu kidogo sana juu ya maji.

"Na waliokuwa majini zamani," nikauliza, "wakati mnangoja kuche?"

Mama Manjit hakulitafsiri swali langu. Lakini nadhani mzee alilielewa, maana alitazama mikono yake.

Nasra akafika kutoka Selly Oak anakosomea. Alikuwa ameniona kwenye simu nimeandika maneno yasiyoeleweka, akatoka darasani akapanda treni. Mwanangu anaelewa kila neno la Kiswahili na hujibu kwa Kiingereza. Alikaa chini, karibu na miguu yangu, akasema, "I'm not going anywhere, Mum." Sote tukawa tunatazama simu yangu juu ya meza, kati ya biskuti ambazo hakuna aliyezigusa.

Mwezi huu magharibi huingia mapema mno hapa. Nje kulikuwa kunaanza kuwa bluu. Nikahesabu saa kichwani nikajua kwamba aliko Idrisa giza limekwishaingia zamani, na kwamba ikiwa hajatolewa bado, ndiyo yuko ndani ya lile lile alilolieleza mzee. Mama Manjit akanitandikia shuka safi kwenye kona, akaziba mapazia. Nikaswali magharibi kwenye sebule ya Masingasinga, mzee akiwa amezima televisheni iliyokuwa haina hata sauti. Rakaa sikuwa na hakika nazo. Nilirudia.

Bado nimekaa juu ya shuka simu ikalia.

"Wamempata," Mama akasema. Kisha ikakatika.

Sijawahi kuichukia kampuni ya simu kama wakati ule. Nasra alipiga, hakumpata. Akapiga tena. Mimi nilikuwa nasema "wamempata" huku na huku kama kasuku, sijui wamempata vipi, mzima au maiti. Mama akarudi hewani mwenyewe: mzima. Wote wazima. Mmoja amevunjika mkono. Waliwatoa kwa helikopta, usiku, mmoja mmoja, wakawapeleka kwenye manowari.

Mama Manjit alishapiga goti akinishika. Mzee Balbir alikuwa amesimama. Hakumngoja mkewe amtafsirie. Aliniuliza kwa Kiswahili, neno moja ambalo sikujua kama analijua.

"Giza?"

"Giza, mzee. Giza totoro."

Alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kisha akaenda jikoni. Tukasikia maji ya bomba yakimwagika muda mrefu, hakuna anachoosha. Nilitaka kumfuata nimshukuru. Mama Manjit akanishika mkono. "Wacha akae," akasema kwa sauti ya chini. "Kuna mtu mmoja walingoja asubuhi ndio wamtoe. Zamani, hata Manjit hajazaliwa. Asubuhi hakuwa hapo."

Nimekaa naye ukuta kwa ukuta nikidhani anapenda mashine.

Ijumaa ilikuwa ya kungoja sauti. Mtu akikwambia ndugu yako mzima, unashukuru, lakini sikio halikubali mpaka limsikie. Jana mchana Idrisa akapiga, kwa simu ya kuazima, tayari wameshafikishwa bandarini. Sauti imekauka kwa chumvi na kutapika. Alianza kwa kuniuliza ile saizi ya viatu. Nikamwambia viatu vingoje, anisimulie kwanza.

Amenisimulia kidogo kidogo. Boti ilikuwa inazunguka kama kifuu. Mchana waliiona ndege moja ikipita juu sana, wakapunga mashati wakidhani haijawaona. Ikazunguka ikarudi, ikazunguka tena, wakajua. Jua likazama na bado wako peke yao, na mpishi wao akaanza kusoma dua kwa sauti, na asiye Mwislamu naye akawa anaitikia amina. Helikopta waliisikia kabla ya kuiona. Halafu upepo, na taa, na mtu akateremka kwenye waya kana kwamba anashuka ngazi za nyumbani kwao. Idrisa anasema kilichomshangaza ni kwamba lile dude halikutikisika. Boti yao inapanda na kushuka, lenyewe limesimama pale juu kama limepigiliwa msumari.

Alipovutwa ndani akaulizwa jina lake. Anatetemeka, masikio yameziba, akapayuka jina la Mama.

Wakaandika hivyo. Baadaye kule melini daktari akawa anaita "Mwanamkasi, Mwanamkasi", na hakuna anayeitika, mpaka wakadhani wamepoteza mtu. Idrisa akakumbuka, akanyoosha mkono. Tulicheka kwenye simu mpaka ikawa si kicheko tena. Nilipomsimulia Mama, alisema ni sawa, kwani yeye ndiye aliyekuwa kule muda wote.

Jana jioni nilimpelekea Mzee Balbir habari zote, pamoja na sahani ya maandazi ya moto. Akaniletea picha ya helikopta ya aina ile ile. Kwa mara ya kwanza nilimwomba aikuze. Nikaona mlango ambao Idrisa aliingilia. Ubavuni kulikuwa na kitu kirefu kama mtungi, nikauliza ni nini. Hakunificha. Ni kombora la kupigia nyambizi. Hiyo ndiyo kazi yake hasa, mkewe akatafsiri, hakuna serikali inayonunua kitu hiki kwa ajili ya mabaharia wa meli ya mchele.

Najua. Na hospitali ile bado naitaka ijengwe. Lakini chombo hicho hicho kilisimama juu ya mdogo wangu gizani na hakikutikisika. Yote mawili yamo ndani yangu na sina haraka ya kuyapatanisha. Mzee mwenyewe, nafikiri, ameishi nayo hivyo hivyo.

Idrisa atasafirishwa wiki hii mpaka Dar, kisha Tanga. Hakusema kama atarudi baharini, nami sikumwuliza. Namjua. Akishanenepa kidogo, ataanza kutazama meli. Nitagombana naye wakati huo, nikiwa na nguvu, na yeye akiwa mbele yangu amekaa kwenye kiti.

Nimemtumia saizi ya viatu.

Tangu Alhamisi nimelala na simu mkononi, taa yake ikinipiga usoni. Leo usiku naichomeka chaji jikoni, nafunga mlango, napanda juu kulala.