Elfu Mbili Nilizobakisha

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimetoka sacco. Rebeccah wa kaunta aligeuza kompyuta nijionee mwenyewe. Imebaki sitini na moja elfu peke yake! Mkopo ulianza laki nne. Nilitaka kupiga nduru lakini laini ilikuwa ndefu nyuma yangu.

Rebeccah akasema nikiendelea na huu mwendo nitamaliza miaka miwili kabla ya wakati. Na riba ya hiyo miaka yote itabaki kwa mfuko wangu. "Mama Lynn, wewe ni mashine," akasema.

Mashine gani. Ni kuogopa tu.

Acha niandike ilivyokuwa, ndio siku moja nisije nikajidanganya. Mkopo ni wa Kimeli, baba ya Lynn. Ploti iko kwa jina la Kimeli. Nyumba tulijenga pamoja, vyumba viwili na jikoni, mabati ya kijani. Maji ya simiti nilibeba mimi na Lynn akiwa tumboni. Kisha Kimeli akaenda Mulot kwa wiki mbili, msimu wa ngano. Huu ni mwaka wa tatu. Ana bibi mwingine huko. Barua ya mnada ilipoletwa ilinikuta mimi na mtoto mlangoni. Nikaenda sacco nikasema nitalipa. Hawakuniuliza mimi ni nani. Walipokea tu.

Nataka hii kitu iishe kabla ya Krismasi. Lynn aanze Grade One akitoka kwa nyumba isiyodaiwa na mtu. Mungu, si ni kitu kidogo naomba?

Jumatano, 15 Oktoba

Bonasi ya wakulima wa chai imeingia! Lakini mwaka huu ni kidogo, bonasi ya kulia. Watu walikuwa pale kituo cha majani wakiangalia simu zao kama wamefiwa.

Hapo ndipo nauza chai na chapati, watu wakingoja lori lije kupima majani. Mwaka mzima wanakula wakisema "andika, bonasi ikitoka." Leo ndio ilikuwa siku yangu.

Mzee Kipkosgei ndiye alikuja wa kwanza.

"Wacera, tangu Januari nimekula chapati ngapi?"

"Za kutosha kuezeka choo, mzee."

"Na bado nimekonda! Basi hizo chapati zako ni hewa."

Akalipa zote. Hakuhesabu hata. Mungu ambariki huyo mzee na ng'ombe zake.

Mageto, dereva wa lori, alilipa nusu. Ati nusu nyingine anibakishie ndio asinisahau. Nikamwambia nisahau, baba, lakini ulipe. Watu walicheka hadi akatoa.

Wengine walipita njia ya mtoni wasinione. Chemutai alinipita akiongea na simu, halo halo, na simu ameishika juu chini. Nikamwacha aende. Ana watoto wanne na hana hata ndama.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimelipa arobaini na tisa elfu kwa mpigo mmoja! Pesa ya chapati, pesa ya maziwa, na ile ya ndama niliyemuuza Agosti. Mikono inauma kwa kukanda unga lakini nimetembea kutoka stage kama bibi harusi.

Lynn aliuliza viatu vyake viko wapi, nilimwahidi bonasi ikitoka. Nikamwambia viko ndani ya ukuta. Akaenda akagonga ukuta na kidole, akaweka sikio asikilize.

Nimecheka. Halafu nimeenda jikoni nikalia kidogo.

Jumapili, 19 Oktoba

Nilisimama kanisani leo. Sikupanga. Mchungaji aliuliza nani ana ushuhuda, miguu ikasimama yenyewe. Nikasema Mungu ni baba wa wasio na waume. Nikasema deni la nyumba limebaki elfu kumi na mbili, na wiki hii nalifuta. Kanisa lote likapiga makofi! Kina mama wakapiga vigelegele. Chepchirchir, dada yake Kimeli, alitoka kwa kwaya akanikumbatia. Alinuka mafuta mazuri. Akasema, "Kongoi, asante, dada. Umetuinua."

Dada! Miaka mitatu hajaniita hivyo.

Mama yangu hakufurahi. Nilimpitia Chepseon, anakouza viazi na kabichi. Alikuwa anafunga mafungu, hakuniangalia usoni. "Atiriri, hebu sikia, Wacera. Kuku hutaga kwanza, kelele baadaye. Wewe umeanza na kelele."

Mama huona mabaya kila mahali. Sisi ni Wagikuyu tuliozaliwa hapa hapa lakini yeye, tangu ile vita ya uchaguzi, bado anaweka mkoba wake karibu na mlango.

Ijumaa, 24 Oktoba

Andika polepole.

Nimeenda na elfu kumi na mbili. Nikaweka zote pale kaunta. Nikamuuliza Rebeccah, sasa hati ya ploti nachukua leo ama nirudi Jumatatu?

Rebeccah akaangalia nyuma kama meneja yuko. Akasema hati inachukuliwa na mwenye akaunti. Aje mwenyewe na kitambulisho.

Nikasema lakini ni mimi nimelipa.

"Najua. Hapa wewe ni mlipaji, mama Lynn."

Mlipaji! Kumbe niko na cheo.

Nikauliza, na bibi yake je? Bibi hana haki hata ya kuulizwa? Akasema bibi angeulizwa, lakini Kimeli akichukua mkopo alijaza kwamba hajaoa.

Na mimi nilijua! Hiyo ndiyo inanichoma. Alikuja nyumbani siku hiyo akaniambia, "Nikijaza niko na bibi, watataka wewe pia uende usaini, uitwe, upigwe picha. Tutachelewa, mvua itanyesha kabla hatujaezeka." Nikacheka. Nikasema andika huna. Nikamwekea chai. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikaona tumewashinda wazungu wa sacco kwa akili.

Niliichukua elfu mbili pale kaunta, nikairudisha kwa kitambaa. Nikasema pokea kumi.

Rebeccah akapokea kumi. Akagonga stampu. Bila kuinua kichwa akasema mkopo ambao haujaisha, hati yake haitoki kwa sefu. "Na mimi sijakuambia kitu."

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimeunguza chapati leo. Watu wamekula tu.

Jumatano, 29 Oktoba

Watu wote hulipa deni ndio wawe huru. Mimi nimebakisha deni ndio niwe na pa kulala. Elfu mbili. Pesa ya unga! Nimeikalia kama kuku, nikitoka naiangalia, nikirudi naiangalia. Riba itakuwa ikiingia kidogo kidogo na mimi nitakuwa nikiilipa kidogo kidogo, hadi nife. Nilikuwa nikikimbia kumaliza, sasa nakimbia nisimalize. Ningecheka kama ingekuwa ni mtu mwingine.

Nimeenda kwa chifu. Ni mtu wa kusikiza, sio mbaya. Akasema kuna njia: niende ofisi ya ardhi Kericho niweke kizuizi, ploti isiuzwe wala isikopewe bila mimi. Lakini lazima niende na barua yake kwamba mimi ni bibi ya Kimeli. Na yeye hawezi kuandika kwa mdomo wangu peke yangu. Mzazi wa upande wa Kimeli aje akubali. Baba yake ni marehemu, kwa hivyo ni mama yake, Kogo, nyanya ya Lynn.

"Ama kama mahari ilipelekwa kwenu, leta watu waliokula," akasema.

Hakuna aliyekula. Mama ndiye alikataa. Kina Kimeli walikuwa tayari kuja na mbuzi na pesa, Mama akawaambia, "Mimi nitafanya nini na mbuzi? Pelekeni hiyo kwa nyumba, watoto wasinyeshewe." Walimsifu! Walisema huyu Mgikuyu ana roho safi. Zile mbuzi ziko juu ya kichwa changu hapa, ni mabati. Mvua ikinyesha nazisikia.

Nilipomwambia Mama alikaa chini juu ya gunia la viazi. Hakusema ule wimbo wake wa nilikuambia. Heri angesema.

Jumapili, 2 Novemba

Amekuja.

Nilikuwa nakamua. Nikasikia pikipiki, nikajua ni watu wa maziwa. Ni Kimeli! Shati jipya, ameongeza tumbo. Sukari, mkate, na viatu vya Lynn vyekundu. Vilikuwa vidogo. Lynn alikunja vidole ndani akasema vinamtosha.

Kimeli akamuuliza, "Unanijua?" Lynn akasema, "Wewe ni ule wa picha."

Alizunguka nyumba. Akashika ukuta. Akaangalia dari niliyoweka mwenyewe. "Umeitunza," akasema. Kama mtu aliyeniachia kuku wake nimlishie.

Ndio tukaketi. Akasema Chepchirchir alimpigia siku ile ile ya ushuhuda, wote Mulot walimsifu Mungu. Akasema mimi nimeteseka sana, ameliona, sasa nipumzike. Hiyo kidogo iliyobaki atamalizia yeye.

"Elfu mbili tu, sacco wameniambia," akasema. "Kwa nini uliiacha? Uliishiwa?"

Nikasema niliishiwa.

"Wewe nawe! Si ungenipigia?"

Nilimuuliza na hati itaenda wapi. Akanyoosha miguu. Hati itatoka hapa iingie sacco nyingine, huko upande wa Narok. Anataka mkopo wa trekta. Ngano iko na pesa, Wacera, chai imekufa, wewe mwenyewe umeona bonasi. Trekta ikilipa, sisi wote tutakula. Sisi wote! Nikahesabu hao sisi wote na yule wa Mulot akiwa ndani.

"Na trekta isipolipa?"

"Wacha mdomo mbaya."

Nilimpikia. Ndiyo, nilimpikia, sijui kwa nini. Alikula chapati sita. Amekwenda kulala kwa mama yake. Atakuwa sacco Jumanne, kesho kuna mtu anaenda kumuona juu ya ng'ombe.

Jumatatu, 3 Novemba

Sikuenda kituoni. Niliamkia kwa Kogo na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, nikapitia nyuma Kimeli asinione. Alikuwa ameshatoka.

Kogo ananipenda. Hiyo siwezi kusema uongo. Alinikanda Lynn alipozaliwa, alimpa mtoto jina la mama yake. Nilimweleza kila kitu. Chifu, barua, trekta. Nikamwambia, Kogo, neno moja tu. Sema mimi ni bibi ya mtoto wako.

Alikuwa anachambua maharagwe. Akachambua hadi yakaisha.

Akasema, "Wewe ni msichana mzuri. Lakini Kimeli ndiye nilizaa."

Nikasema na Lynn je, si ni damu yako?

Akasema yule wa Mulot naye ana mimba. Mambo ya ng'ombe kupelekwa huko wameanza kuongea. Akitaja mabibi wawili kwa chifu, wale wa Mulot watasikia. Akafunga maharagwe kwa leso. Nilipofika mlangoni akaniuliza chifu anafungua saa ngapi.

Sijui aliuliza ya nini. Nimebeba hilo swali njia yote kama yai.

Jumanne, 4 Novemba

Niko kwa chifu. Naandikia hapa kwa benchi, mikono ipate kazi.

Nilifika mapema na Lynn. Saa tatu, hakuna mtu. Saa nne, hakuna mtu. Nikasema basi, yuko sacco na mwanawe. Ndio nikasikia pikipiki. Kimeli mbele, Kogo nyuma, kitambaa kipya cha kichwa, maua ya samawati. Najua ni nani amekinunua.

Kimeli hakushuka. Akaniambia kwa utaratibu kabisa, "Wacera, unanipeleka kwa serikali? Mimi?" Kogo hakunisalimia. Alipita mbele yangu kama mtu anayeenda kliniki. Lakini alipofika kwa Lynn alisimama. Akamshika mkono, akaingia naye ndani. Mimi nikaambiwa ningoje.

Ukuta ni mbao, nasikia yote.

Chifu amemsalimia vizuri. Amemuuliza juu ya mvua. Kisha ameuliza, "Mama, huyu Wacera ni nani kwako?"

Kogo amesema, "Ni mama ya huyu mtoto."

Chifu amesema hiyo anaiona kwa macho. Watu wamecheka huko ndani, kuna askari naye. "Nauliza hivi, mama. Ni bibi ya Kimeli ama si bibi?"

Kimeli amewasha pikipiki. Anaiangalia saa. Sacco ni mwendo wa nusu saa, na elfu mbili iko kwa mfuko wa shati, naiona ikichungulia. Nikitoka nimshike nguo sitasikia jibu. Nikikaa nisikie, atalipa achukue hati —

Ameanza kugeuza. Ndani Kogo anakohoa. Lynn anamuuliza, "Kogo, kwani umesahau?"