Mlima Umetulia

3 Juni

Mdogo wangu,

Habari za huko kwenye mitambo yenu ya kupimia mlima? Mama mzima, mimi mzima, ila nina donge moyoni. Simu zako sipokei makusudi, najua utaniambia tuhame. Barua anakuletea dereva wangu.

Mara mbili mmetutimua kwa vipaza sauti, mara mbili mlima haukutoa hata kikohozi, nami nikarudi nikakuta madirisha yamebebwa. Nyumba hii nimeijenga jiwe kwa jiwe, mawe niliyochonga mwenyewe. Safari hii hatutoki ng'o. Tangazo lenu wenyewe linasema mlima umetulia. Hata moshi hakuna. Tukimbie nini, ukimya?

Kaka yako

5 Juni

Shikamoo kaka,

Nisalimie Mama. Madirisha yaliniuma hata mimi, lakini hilo neno "umetulia" limewapotosha. Tulimaanisha matetemeko yamepungua. Moshi umekatika kwa sababu mdomo wa juu umeziba, na kilicho chini kinatafuta pa kutokea.

Nenda kwenye shimo lako la mawe, utazame ukuta. Kila tabaka jeusi ni lava iliyomwagika ikapoa. Wekundu wa katikati ni udongo uliokaa miaka na miaka, kisha ukaunguzwa na lava iliyofuata. Nilihesabu matabaka meusi manne. Umejenga njiani kwake, kaka.

Mdogo wako

9 Juni

Kaka,

Salamu sina. Ubavu wa mlima umepasuka leo asubuhi, lava inashuka upande wenu. Simu yako imezimwa. Karatasi hii nampa nesi anayezunguka kambi ya waliokimbia mlima, huenda mmefika huko. Niandikie neno moja, hata tusi.

Mdogo wako

12 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, nimechelewa kuitikia. Wazima wote. Tusi nimekosa.

Barua yako ya tarehe 5 iliponifika, nilikwenda shimoni nikuumbue. Nikahesabu: nne. Nikaanza upya toka chini nikitafuta kosa: nne. Na wekundu wa juu ndio mwembamba kuliko mwingine wote, hauzidi kiganja: mara ya mwisho lava haikukawia kurudi. Nikampakia Mama kwenye lori na godoro lake, akaniita mwoga njia nzima hadi hapa kambini.

Nyumba haipo. Nilikwenda hadi wanaporuhusu watu kusimama, nikaona weusi mtupu unafuka. Tabaka la tano hilo, mtaalamu. Nikarudi kambini, nikamkuta Mama anagombana na wapishi: chai haina sukari, na mtu mzima hapewi kikombe cha plastiki. Nikakaa chini nikacheka mpaka machozi.

Ana kesi tatu zaidi. Anasema uje uzisikilize mwenyewe.

Kaka yako