Kiswahili Chetu Katika Ukumbi wa Walutheri

Fridley, Minnesota
Jumapili, 27 Aprili 2025

Mpendwa Ami Alwi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo Ami, na shikamoo nyingine mpelekee Mama Mwanasiti hapo alipo, najua ama yuko jikoni ama yuko kwa jirani. Goti linaendeleaje? Mwanao Yasser aliniambia umeanza kwenda msikitini kwa miguu tena, nikafurahi mno. Na macho je? Nimeandika kwa hati kubwa usije ukamsumbua mtu akusomee.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Funga ya siku sita za baada ya Idi tumeimaliza salama, ingawa jua la huku kila siku linazidi kuchelewa kuzama. Theluji imekwisha, na majani yameanza kuchipua nyuma ya nyumba. Abdulhadi wangu bado yuko na duka lake la simu kule Saint Louis Park. Anarudi amechoka, lakini hakosi kisa cha mteja. Mimi bado napika katika jiko la shule. Ruqayya ametimiza miaka kumi na minne na amenipita kimo, kwa hivyo siku hizi nikimgombeza inabidi niangalie juu.

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli darasa letu la Kiswahili linafungwa, nikakujibu kwa mkato kwamba nitakuandikia. Usinihesabie utovu wa adabu. Wakati ule mwisho wake sikuujua, na sikutaka kukupa wasiwasi wa nusu habari. Sasa naujua. Isitoshe ndani yake mna mambo ya mahakama, na wewe uliyekaa miaka yote ile kortini Mombasa ukiwatafsiria washtakiwa na mahakimu utayafurahia kuliko yeyote.

Darasa lenyewe tulilianzisha mimi na Jedidah, yule nesi wa Kimeru niliyewahi kukutajia. Kila Jumamosi asubuhi tunakusanya watoto wa Kikenya, wa Kitanzania na wa Kikongo, Waislamu kwa Wakristo, tunawafundisha kusoma na kuzungumza. Maana Ami, watoto wetu huku wanakuelewa kila unachosema, kisha wanakujibu kwa Kiingereza. Mtoto unamwambia, "Lete maji," analeta maji, lakini neno lenyewe hulitoi kinywani mwake hata umbembeleze vipi. Ruqayya ni mmoja wao, na darasani alikuwa akija kwa kuburutwa.

Mahali pa kukutania tulipewa na kanisa moja la Kilutheri upande wa mashariki wa Saint Paul. Lina ukumbi wa chini, mkubwa na wenye joto. Mchungaji wao ni mwanamke, Pasta Lynette, mcheshi na mwepesi wa kutoa. Mwenye funguo ni mzee mmoja aitwaye Verlyn, mwenyekiti wa kamati ya majengo. Majira yote ya baridi alikuwa akifika kabla yetu, anapiga koleo theluji na kumwaga chumvi kwenye ngazi ili watoto wasiteleze. Hasemi sana. Nilimhesabu kuwa mtu wetu.

Basi siku moja katikati ya Ramadhani, tunafunga darasa, Verlyn akatusimamisha pale ngazini mimi na Jedidah. Akasema ametoa hoja kwenye kamati kwamba kuanzia kiangazi ukumbi upewe vikundi vinavyotumia Kiingereza tu. Akasema hana chuki na mtu. "Watoto hawa ni Wamarekani," akasema. "Mnawarudisha nyuma. Siku moja watakuja kuwalaumu."

Ami, hakututukana. Angetutukana ningejua la kusema. Huyu alikuwa akisema kama mtu anayemhurumia mwanangu. Jedidah alimwambia tu, "Tumesikia, mzee," akanishika mkono tukaondoka. Ndani ya gari ndipo nilipolia. Tulikuwa tumezunguka Saint Paul na miji ya jirani mwaka mzima kutafuta mahali, kila mlango tuliogonga una sababu yake, na sasa tunarudishwa pale pale.

Nilipofika nyumbani nikamweleza Abdulhadi. Ruqayya alikuwa mezani anafanya kazi ya shule, masikio ameyaelekeza kwetu. Nikategemea atafurahi kwamba Jumamosi zake zimekombolewa. Badala yake akasema, kwa Kiingereza chake, "Lakini hilo lilishaamuliwa, Mama. Zamani."

Nikamuuliza limeamuliwa na nani.

"Mahakama ya Juu," akasema.

Kumbe mwalimu wao wa historia alikuwa amewapa kazi: kila mwanafunzi achague uamuzi mmoja wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwanzoni mwa karne iliyopita, auchambue na kuueleza mbele ya wenzake. Ruqayya alichagua kesi ya mwalimu Meyer wa jimbo la Nebraska. Nikavuta kiti.

Kisa chenyewe ni hiki. Baada ya vita vikuu vya kwanza, Wajerumani walichukiwa sana huku, na lugha yao pia. Mwaka 1919 jimbo la Nebraska likapitisha sheria kwamba mtoto mdogo asifundishwe shuleni kwa lugha yoyote isipokuwa Kiingereza, wala asifundishwe lugha ya kigeni mpaka amalize darasa la nane. Mwalimu huyu alikuwa akifundisha katika shule ndogo ya kanisa, la Kilutheri vilevile. Siku moja mwendesha mashtaka wa wilaya akaingia, akamkuta anamsomesha mtoto wa miaka kumi hadithi za Biblia kwa Kijerumani. Mwalimu hakubadili lugha. Akashtakiwa, akatozwa faini, akakataa kuinama. Kesi ikapanda mpaka mahakama ya jimbo, akashindwa. Ikapanda tena mpaka Washington, na mwaka 1923 majaji saba kati ya tisa wakasema sheria ile ni batili: mwalimu ana haki ya kufundisha, na mzazi ana haki ya kutaka mwanawe afundishwe. Waliandika kwamba ulinzi wa Katiba ni wa watu wote, wanaozungumza lugha nyingine sawasawa na waliozaliwa na Kiingereza ulimini.

Nilimwambia Ruqayya hao walikuwa majaji wema. Akatikisa kichwa. Akaniambia mahakama hiyohiyo, mwaka huohuo, ilimwambia Mhindi mmoja kwamba hawezi kuwa raia kwa sababu si mzungu. Nikamuuliza, "Majaji walewale?" Akasema, "Walewale, Mama." Nikakukumbuka wewe Ami, ulivyokuwa ukirudi kutoka kortini, siku nyingine unaimba, siku nyingine hutaki hata chai.

Jedidah aliposikia habari hii akasema mtoto huyu lazima aje kwenye kikao cha kamati. Mimi nilisita. Sikutaka mwanangu asimamishwe mbele ya watu wazima ashindane nao. Nikamuuliza mwenyewe, nikidhani atakataa. Akauliza tu kama anaweza kuvaa ile hijabu ya buluu.

Kikao kilikuwa Jumanne moja baada ya Idi. Nilikuwa nimeshaumua unga wa mahamri, Jedidah akanikataza kuyapeleka, akasema itaonekana tumekuja na hongo. Tukaenda mikono mitupu. Kamati ilikaa kwenye meza ndefu wakinywa kahawa. Pasta Lynette akatukaribisha, Verlyn akasoma hoja yake bila kutuangalia, kisha Ruqayya akapewa nafasi.

Alisimama. Mwanzoni sauti ilikuwa ndogo, mama mmoja akamwomba apaze. Akapaza. Akawaeleza kesi yote, kuanzia mwendesha mashtaka kuingia darasani mpaka hukumu. Mimi nilikuwa nimeshika pindo la buibui langu chini ya meza nalisokota.

Alipomaliza, Verlyn akamuuliza, "Kwa hiyo unasema sheria inatulazimisha kuwapa ukumbi?"

"Hapana, bwana," Ruqayya akasema. "Hukumu ile iliizuia serikali. Kanisa ni mali yenu, mnaweza kutukatalia."

Jedidah akanikanyaga mguu. Kwa kweli mimi nami niliona mtoto ametutupa.

"Basi kwa nini umetusomea?" Verlyn akauliza.

Ruqayya akageukia upande wa mlango. Kisha akasema, "Kwa sababu yule mwalimu alikuwa wa kanisa kama hili. Na juu ya mlango wenu kuna maneno ya Kijerumani yaliyochongwa kwenye jiwe. Nilidhani mngependa kujua mtu alipigania nini."

Verlyn akakohoa, akasema, kwa sauti ya chini kuliko mwanzo, kwamba bado anaamini watoto wanahitaji Kiingereza kwanza.

"Kiingereza ninacho," Ruqayya akasema. "Ndicho ninachozungumza na wewe."

Pasta Lynette alicheka, wengine wakamfuata, na hata mimi nikacheka. Verlyn hakucheka. Alivua miwani akaiweka mezani, akaanza kusema, si kwa kamati, ila kwa Ruqayya peke yake.

Alisema mama yake yuko hai, yuko katika nyumba ya wazee huko Oakdale, umri umemwendea sana. Utotoni alizungumza Kijerumani kwao shambani. Alipoolewa, mumewe, yaani baba yake Verlyn, akapiga marufuku lugha hiyo nyumbani, kwa sababu yeye mwenyewe alipokuwa mdogo alichapwa na kuchekwa shuleni kwa kuizungumza. Hakutaka wanawe wapate aibu ile. Mama akatii, na Verlyn akakua bila neno hata moja. Sasa tangu majira ya baridi, kwa sababu ya maradhi ya kusahau, Kiingereza kimemtoka yule mama. Kimebaki Kijerumani tu.

"Naenda kila Jumapili," akasema. "Ananishika mkono anasema, anasema, na mimi sijui kama anaomba maji au anamwita marehemu ndugu yake. Mimi ni mwanawe na sijui."

Ami, miaka yote uliyokaa baina ya watu wawili wasioelewana, sijui kama umewahi kumwona mtu akikosa mkalimani kwa mama yake mzazi. Ruqayya alikaa chini pole pole. Nilimtazama na nikaona machozi yanamlengalenga.

Verlyn akavaa miwani yake, akamwambia Pasta Lynette kwamba anaiondoa hoja. Hakuna hata kura iliyopigwa. Wakatukubalia ukumbi mwaka mzima, na Pasta akauliza kama watoto wa kanisa nao wanaweza kujiunga. Jedidah, njia nzima ya kurudi usiku ule, alikuwa akiimba nyimbo za kwao na kupiga usukani kama ngoma.

Jumamosi iliyofuata, darasa lilipoisha, Verlyn aliteremka ukumbini akasimama mlangoni na kofia mkononi. Alikuwa na ombi kwa Ruqayya: amwonyeshe jinsi ya kutumia simu kupata maneno ya Kijerumani. Wakaketi wawili wao kwenye vile viti vidogo vya watoto. Mzee magoti yamemfika kifuani. Wakachagua sentensi chache. Una kiu? Unaumwa wapi? Ni mimi, mwanao. Simu inasema, Verlyn anafuata, Ruqayya anamrudisha mwanzo, naye anafuata tena, masikio mekundu kama pilipili. Mimi nilijifanya nafagia.

Jana ametuletea majibu. Tulipofika alikuwa amekaa kwenye ngazi anatungoja. Akasema Jumapili ya Pasaka alikwenda Oakdale, akainama karibu na mama yake, akazisema zile sentensi zote kwa mpigo kwa sababu aliogopa atazisahau. Mama akamkodolea macho. Kisha akatikisa kichwa, akamshika kidevu kwa vidole vyake, akamtamkia upya neno moja, taratibu, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka akalisema sawa.

"Alinisahihisha," Verlyn akatuambia. "Kama mtoto wa miaka mitatu. Halafu akaomba maji, na nikajua ni maji."

Alilisema kwa namna ambayo Jedidah, anayekaa na wagonjwa kila siku na hatishiki na kitu, aligeuka akatazama barabarani.

Sasa Ami, nina ombi. Tumeamua kila mwezi tumlete mtu mzima mmoja kwenye skrini azungumze na watoto, na wewe ndiye wa kwanza waliyemtaka. Ruqayya amewaeleza kwamba una miaka mingi ya ukalimani wa mahakamani, na wana maswali: kama uliwahi kukosea, kama mshtakiwa akitukana unatafsiri tusi. Yasser atakufungia mitambo. Vaa kanzu na lile koti lako la kortini. Uzungumze nao Kiswahili kitupu, usiwahurumie.

Nisalimie Mama Mwanasiti, mwambie ile achari yake imefika salama na imekwisha. Nisalimie Yasser na mkewe, na majirani wote wanaoniulizia. Abdulhadi anakusalimu kwa heshima, na Jedidah, ambaye hamjaonana, anasema anakujua tayari.

Mwenyezi Mungu akupe afya ya goti na nuru ya macho, akuongezee umri wenye kheri, na atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi mwana wa ndugu yako, nisiyeacha kukupenda,

Swafiya