Risasi Moja Inayopotea

Jumatatu, 3 Machi
Kambini, Shinyanga. Mita mia tatu, kifudifudi, risasi kumi. Tisa ndani, moja imeenda inakojua yenyewe. Wiki ya tatu sasa moja inapotea. Timu ya kulenga shabaha inachukua wanne, mimi ni wa tano. Mchujo ni Ijumaa ya wiki ijayo. Nina hasira.

Jumatano, 5 Machi
Afande kanitega. Sajini wetu huyu, mama mwembamba asiyecheka ovyo, alinichanganyia kwenye magazini risasi moja isiyo na baruti. Nikavuta. Ikalia "ka" tu, mtutu ukainama, na mimi macho nimefumba. Wote wameona. Miaka saba jeshini, naogopa mlio wa bunduki yangu mwenyewe. Koplo Nyanzobe, ambaye ni wa nne, kaniuliza kama nataka kuhamia jikoni. Aibu.

Najua hofu hii ilikotoka. Nyumbani Geita king'ora cha mgodi kikilia, tulikuwa tunakaa kusubiri mlipuko. Nilikuwa nafumba macho kabla haujaja. Mwili haujasahau.

Jumamosi, 8 Machi
Ruhusa ya siku mbili. Geita. Shikamoo, marahaba, kaa hapo. Mama hakuacha kazi kwa ajili yangu. Anaponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, miaka ishirini, na vidole vyote kumi anavyo. Nikamweleza shida yangu. Akanipa nyundo. Pigo la pili nikajiponda kidole gumba. Nadhani alifurahi.

"Wewe unaisubiri nyundo," akasema. "Mimi nyundo sina habari nayo. Natazama jiwe mpaka lipasuke."

Nimeponda mpaka jioni. Mgodi umelipua saa kumi. Mama ndiye aliyeniambia.

Jumanne, 11 Machi
Kidole kimevimba. Cha kushoto, bahati yangu. Nimemwomba Afande mwenyewe anitegee mbili. Ya kwanza nikafumba. Ya pili mtutu haukutikisika. Afande akasema "Mh." Kwake hiyo ni hotuba.

Ijumaa, 14 Machi
Mchujo. Upepo wa kushoto, vumbi. Risasi ya saba nikajikuta nausubiri mlio. Nikashusha bunduki, nikapumua, nikaitafuta upya ile alama nyeusi. Nikaitazama tu.

Kumi ndani. Si zote katikati, lakini kumi. Nimekuwa wa nne. Niliyemtoa ni Nyanzobe. Kanipa mkono vizuri. Nimemwonea huruma, si sana.

Jumamosi, 15 Machi
Nimesafisha bunduki, nimeirudisha ghalani. Nikampigia Mama kumwambia nimeingia timu. Akasema haya, vizuri, na kidole je? Nikamwambia ukucha umekuwa mweusi, utang'oka. Akasema utaota mwingine.

Muda wote huo alikuwa anaponda. Maneno yalipotuishia hakuna aliyekata simu. Nilikaa kitandani nikiisikiliza nyundo yake, pigo moja baada ya jingine, macho wazi.